Siku Nilipompanga Wambura Kwenye Njia ya Mama Mkwe Wake

Wiki iliyopita walikuja vijana watatu hapa dukani kwangu Bomani, adhuhuri, nikiwa nimeshaweka miguu juu ya benchi. Wakanisalimu vizuri, "Shikamoo mzee," nikaitika marahaba, nikashusha miguu. Wakasema kijijini kwao dhahabu imeonekana tena, vurugu zimeanza, na wameambiwa waunde kikundi cha ulinzi shirikishi. Wamekuja kushona vizibao ishirini vya rangi ya chungwa, vyenye maandishi mgongoni.

Nikawauliza, watu mnao? Bado wanatafutwa. Mkimkamata mtu, mnapita naye njia gani mpaka kituoni? Hawajaamua. Mmeongea na akina mama wanaouza chakula machimboni? Wakatazamana. Kwa hiyo mna kitu kimoja tu, nikawaambia, mna rangi.

Niliwafukuza, nakiri. Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia, akatoka akanisema: mtu mzima hovyo, watoto wa watu wamekuja na adabu zao, wewe unawafokea kama bado una cheo. Basi naandika haya ili wakirudi wayasome wakiwa wamekaa, nami nisilazimike kufoka tena. Na nyinyi wengine mnaotaka kujitolea kulinda vijiji vyenu, someni pia. Sina ubaya na mtu. Nina hasira tu, na hasira hizo nyingi ni juu yangu mwenyewe.

Kwa wasionijua: naitwa Ramadhani. Babu yangu alifika Tarime kutoka pwani na cherehani moja, baba akairithi, mimi nikaikataa nikaenda upolisi. Nimestaafu na cheo cha sajenti, na cherehani imenikuta palepale nilipoiacha. Karibu kazi yangu yote niliifanya Tarime na Serengeti, kwa hiyo Kikurya nilikuwa nakiongea, kile cha sokoni na cha kituoni: lete, kaa chini, ng'ombe wangapi, nani kakupiga. Nilidhani kinatosha. Shikeni hilo neno, nilidhani, litawafaa kuliko filimbi.

Rashi ya dhahabu mnaijua. Mtu anachimba choo chake, anaona jiwe linametameta, na kabla wiki haijaisha kilima kizima kimetobolewa. Watu walikuja kutoka Geita, kutoka Kahama, kutoka ng'ambo ya Sirari, na wengine hata wao hawakujua wametoka wapi. Shamba la mihogo lilikuwa linalala shamba, linaamka maduara, maana ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao. Kijiji chenyewe sikitaji, kwa sababu watu wake nakutana nao sokoni mpaka leo na baadhi ni wateja wangu wa suruali.

Sisi tulikuwa na kituo kidogo, askari wa kuhesabika, na pikipiki moja iliyokuwa inawaka ikipenda. Na wizi mkubwa ulikuwa wa mawe. Mchimbaji anatoa mawe shimoni kwa jasho, anayatia kwenye kiroba akisubiri zamu ya karasha la kusagia, akigeuka kiroba hakipo. Mtuhumiwa akishikwa, hakuna aliyewaza habari za kituo. Hukumu ilikuwa hapohapo, na hakimu alikuwa jiwe.

Niliitwa siku moja kwa mtu wa namna hiyo. Nilipofika hapakuwa na mtu wa kuhojiwa. Nilimfunika kwa koti langu la mvua. Kesho yake mwenye duara aliyasaga yale mawe, akayaosha, hayakutoa hata punje ya dhahabu. Mtu alikufa kwa ajili ya kokoto. Nilikasirika siku ile, na sijawahi kuacha.

Mkuu wangu wa Mugumu alikasirika pia, ila yeye alikasirika kwa barua. Akaniandikia nianzishe kikundi cha raia wa kujitolea, akaniletea mwongozo wenye jalada zuri, boksi la filimbi na boksi la kalamu. Kila wiki alipiga simu kuuliza nimefanya mikutano mingapi. Hakuniuliza hata mara moja nani kafika kituoni mzima.

Sasa sikilizeni habari ya kuandikisha watu, maana mtapitia hapo. Wazee waliitisha ritongo, ule mkutano wao wa wote ambao ukiamua jambo limeamuliwa, nami nikasimama na mwongozo wangu mkononi. Nikaeleza kujitolea ni nini. Nikaeleza tena. Wa kwanza kunyoosha mkono alitaka kujua kizibao kitakuwa mali yake au atarudisha. Wa pili alikuwa na duara lake, akaomba alinde palepale kwenye duara lake. Wa tatu alikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani, akauliza kama mlinzi anaruhusiwa kuanza na jirani. Wa nne ni Mzee Chacha. Huyu alisema anajitolea kwa sababu ana uzoefu.

"Uzoefu wa nini, mzee wangu?"

"Wa kuiba ng'ombe. Niliacha siku nyingi. Lakini njia zote za kutorokea nazijua, mura, hata zile ambazo ninyi polisi hamjazifikia."

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Nilimwandika. Mkuu wangu aliponiuliza sifa za wanakikundi nikajaza "ana ujuzi wa mazingira". Na niwaambie, katika wote niliowafundisha, Mzee Chacha hakuwahi kuchelewa lindo hata siku moja.

Niliwafundisha kwa wiki tatu, chini ya bati la ofisi ya kijiji, na mengi ya mle kwenye mwongozo niliyaruka. Niliwapa sheria moja: afike anapumua. Mtuhumiwa awe mwizi, awe mchawi, awe kamtukana baba yako, kazi yako ni afike anapumua. Mengine ni ya hakimu. Nikawafundisha vitu vidogo ambavyo hakuna kitabu kinaviandika. Usimshike mtu ukosi, maana umati ukiona ukosi umeshikwa unajua ameshahukumiwa. Msimame, mmoja mbele na mmoja nyuma, mwende mwendo wa kawaida, kwa sababu mkikimbia mnakimbizwa. Na mtu wa njiani akiuliza "ameiba nini?" usimjibu. Ukimjibu umempa kuni, naye moto anao tayari. Muulize yeye kitu kingine, muulize anatoka wapi, muulize kama mvua imenyesha kwao. Mtu anayejibu swali mkono wake unasahau jiwe. Hilo la mwisho nililitoa kichwani mwangu, na nililisema tu kama utani.

Aliyelielewa kuliko wote ni Wambura. Alitoka Nyansurura, mfugaji, kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, mpole, anaandika vizuri. Alikuwa ameoa binti wa kijiji kile kile cha machimbo, anaitwa Bhoke, na rashi ilipoanza wakaja wakajenga kibanda cha mabati karibu na maduara kama wenzao. Sikuwahi kumwona amefoka. Nilimpenda yule kijana, na nilipopanga ratiba ya malindo nilimpa mahali pagumu kuliko pote: kivuko cha korongo, njia nyembamba ambayo robo tatu ya watu wa machimboni walipitia. Pale ndipo tulipokuwa tunakagua viroba. Nikaibandika ratiba ukutani, nikaitazama, nikajisifu.

Baada ya siku kumi wizi ulikuwa umepungua kila mahali isipokuwa pale kwa Wambura. Pale ulikuwa umeongezeka. Wenye maduara walinijia juu. Nikajificha kichakani asubuhi moja nione mwenyewe, na niliyoyaona nusura nitafune kofia.

Kulikuwa na mama mmoja muuza chakula, Mama Bhoke. Jina linajieleza: mama wa yule Bhoke, yaani mama mkwe wa Wambura. Alikuwa anabeba ndoo ya makande kichwani na upawa mkononi, anaingia machimboni na kutoka, mara nne kwa siku, kwa kivuko kile kile. Sasa kwa Wakurya mkwe na mama mkwe wake hawatazamani. Hawashikani mkono, hawataji majina, hawali pamoja. Wakikutana njiani, mwanamume anatoka njiani, anaingia majanini, anageuza mgongo mpaka mama apite. Wambura alikuwa anafanya hivyo hivyo, kwa heshima kabisa, na kizibao chake mwilini na filimbi shingoni. Na kila Mama Bhoke alipopita, nyuma yake kulikuwa na msafara. Wanaume wanne, watano, kila mmoja na kiroba begani, wamemfuata mama yule kimya kimya. Wanapita, wanatawanyika. Wambura anageuka, njia nyeupe.

Walikuwa wanamsubiri! Wezi wa kilima kizima walikuwa wanajua saa za makande kuliko walaji.

Mkurya yeyote aliyeiona ratiba yangu ukutani alijua litatokea hilo. Wote waliiona, na hakuna aliyesema. Baadaye nilimuuliza Mzee Chacha kwa nini hakuniambia. Akasema, "Wewe ndiye ulikuwa na kitabu."

Nikamwita Wambura ofisini. Nitawaandikia mazungumzo yetu kama yalivyokuwa, ili mwone nilivyokuwa napanda presha.

"Wambura, nani anapita pale kivukoni bila kukaguliwa?"

"Mtu, afande."

"Mtu gani?"

"Mtu mzima."

"Ana jina?"

"Analo, afande."

"Litaje."

Akatazama chini. "Afande, hilo jina mimi siwezi."

"Wewe ni mlinzi au si mlinzi?"

"Mlinzi, afande. Lakini nilikuwa mkwe kabla."

Pale ndipo mtu mwenye akili angecheka, akachukua kifutio, akambadilishia lindo, yakaisha. Mimi nilikuwa nimechekwa na wenye maduara na mkuu wangu alikuwa amepiga simu asubuhi ile ile. Nikaandika barua ya kumwondoa kwenye kikundi. Nikaandika kwamba mlinzi Wambura amekuwa akimwacha mtu fulani apite kivukoni bila kukaguliwa, kinyume cha utaratibu. Nikamvua kizibao. Akakikunja vizuri, akakiweka mezani, filimbi juu yake. Na ili iwe fundisho, nikaamuru barua isomwe mbele ya mkutano wa kijiji.

Ilisomwa jioni. Mwongozo wangu ulisema uwazi hujenga imani ya wananchi, na mimi niliketi pale mbele nikijiona nimekuwa muwazi.

Hebu fikirini ninyi mnaosoma. Kijiji kizima kinajua mtu anayepita kivukoni bila kukaguliwa ni nani. Nami nimewatangazia, kwa muhuri wa ofisi, kwamba Mama Bhoke hakaguliwi. Sikumtaja. Sikuhitaji kumtaja. Watu walirudi makwao na wazo moja kichwani: kumbe zile ndoo za makande.

Siku iliyofuata, saa sita mchana, kiroba kilipotea kwenye duara moja. Umati ulienda moja kwa moja kivukoni, maana ilikuwa saa ya makande.

Pale nilikuwa nimempanga mlinzi mpya, mtu wa mkoa mwingine asiye na ndugu wala shemeji katika wilaya nzima. Nilidhani nimepata dawa. Tumpe haki yake, alipuliza filimbi kama nilivyomfundisha, mara tatu, kwa nguvu. Hakuna aliyemjali. Kumbe filimbi haina maana kama wanaoisikia hawakujui. Walimsukuma korongoni kama gunia, wakamzunguka Mama Bhoke.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa kilima. Filimbi niliisikia. Nikapiga pikipiki teke, ikakataa. Nikapiga tena. Nikaitupa, nikakimbia na tumbo langu na viatu vyangu, na njia nzima nilikuwa namwona yule mtu niliyemfunika kwa koti la mvua. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Nimemuua. Nimemuua mama wa watu." Niseme ukweli, nililia nikikimbia.

Yaliyotokea kivukoni nilisimuliwa na Mzee Chacha, aliyekuwa wa kwanza kufika, akakuta hana la kufanya na rungu lake. Mama Bhoke alikuwa ameshapigwa jiwe la kwanza juu ya jicho. Kanga imechanika, ndoo imemwagika, upawa bado ameushika. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anawatazama mmoja mmoja, wengi wao wateja wake.

Wambura alikuwa jirani pale anakata nyasi za kuezekea. Hakuwa na kizibao, hakuwa na filimbi, na kwa barua yangu hakuwa mtu wa kikundi. Alikuja akitembea. Alipofika kwenye umati akageuka, akaanza kuingia kinyumenyume, mgongo mbele, taratibu, huku akisema, "Nipisheni, nipisheni, msije mkanisukuma." Watu wakampisha bila kujua wanampisha nini. Akaenda hivyo hivyo mpaka akafika katikati, mgongo wake kwa mama, uso wake kwa wenye mawe. Hakumtazama hata kidogo. Kisha akasema:

"Mnanijua mimi ni mkwe wa nani. Niko hatua moja. Atakayerusha jiwe, nitalikwepa, nimwangukie huyu aliye nyuma yangu. Atakayemsukuma, atamsukumia kwangu. Nikimgusa huyu mtu hapa, mchana kweupe, ni mwiko mmeufanya ninyi, si mimi. Haya, nani anataka huo mwiko uingie kwake?"

Wageni hawakuelewa. Mmoja akainua mkono, akauliza mwiko kitu gani. Waliomkamata mkono ni wenzake wa shimo moja, wenyeji: "Mura, acha! Utatuletea balaa mpaka kwa watoto." Watu wakaanza kurudi nyuma, nusu hatua, nusu hatua. Walikuwa tayari kuua mtu, lakini kumwangushia mkwe mama mkwe wake hawakuwa tayari. Mimi nimehudhuria semina nyingi za usalama na hilo halikuwahi kutajwa.

Basi Wambura akaanza kutembea kuelekea ofisini. Yeye mbele, mama nyuma yake, umati pande zote. Na hapo ndipo palikuwa na tabu, kwa sababu nyuma ndiko hatari ilikokuwepo, na yeye nyuma hawezi kutazama. Hawezi kumwita jina. Hawezi kumsemesha. Anatembea, hajui kama mtu anayemlinda bado amesimama au ameshaanguka. Akauliza kwa sauti, akiwauliza watu, si mama:

"Anakuja?"

Mzee Chacha peke yake akajibu, "Anakuja."

Hatua kumi. "Anakuja?"

Akajibu Mzee Chacha, na mwanamke mmoja muuza maji. "Anakuja."

Wakaendelea hivyo. Mimi nilikutana nao karibu na shule, pumzi zimeniisha, na nilichokisikia kabla ya kuwaona ni sauti ya mtu mmoja ikiuliza na sauti za watu wengi zikijibu. "Anakuja?" "Anakuja!" Nilidhani ni mazishi. Walipotokea kwenye kona nikaona watu waliokuwa na mawe mikononi, wengine bado wanayo, wameyasahau, wanaitikia. Huwezi kusema mara ishirini kwamba mtu anakuja halafu ukamwangusha. Umeshaingia kwenye ulinzi wake bila kuandikishwa.

Nikajiunga nyuma. Sikutoa amri yoyote. Niliitikia na mimi.

Ofisini Mama Bhoke akaingia ndani, akakaa kwenye benchi. Wambura akabaki nje, nyuma ya ukuta, uso wake umeelekea barabarani. Akaniita.

"Afande, mtu amefika?"

"Amefika."

"Anapumua?"

"Anapumua, Wambura."

Ndipo alipokaa chini pale kwenye vumbi, akajifunika uso kwa mikono. Mimi nikasimama kati yao, mmoja ndani, mmoja nje, nikashindwa nimfuate yupi.

Tulikagua kilichobaki kwenye ndoo. Makande. Kiroba kilikutwa jioni ile ile kwa mlinzi wa duara lenyewe, na yeye alifika kituoni anapumua pia.

Wakati namfunga kitambaa kwenye jicho, Mama Bhoke akanitazama kwa lile jingine. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo na hakuitika.

"Wewe Ramadhani. Kutoka kule machimboni kuna njia ngapi?"

"Tatu, mama."

"Ungeniambia nipite ya juu, ningepita ya juu. Ni mbali kidogo tu. Kila siku unakula makande yangu, umesimama mbele yangu, una mdomo. Ulishindwa nini kuniuliza?"

Nilikuwa nimeuliza kitabu, nimeuliza Mugumu, nimeuliza wazee wa ritongo, nimemuuliza mwizi wa ng'ombe. Mtu ambaye ratiba nzima ilimzunguka sikumuuliza kitu isipokuwa chumvi.

Nikaandika barua ya pili. Hii niliisoma mwenyewe, mbele ya watu wale wale, na jina langu nililitaja mara nyingi. Nikasema kosa lilikuwa la ratiba na ratiba ilikuwa yangu. Mama Bhoke alisimama nyuma kabisa akisikiliza, bandeji kichwani. Nilipomaliza akasema, "Soma tena, kwa sauti." Nikasoma tena.

Nikamrudishia Wambura kizibao. Akakataa. "Nikikivaa, afande, utanipangia njia." Baadaye machimbo yalipoanza kukauka akarudi Nyansurura kwenye ng'ombe wake.

Kikundi kiliendelea bila yeye, na yale ya kuuliza "anakuja?" yalibaki. Mlinzi wa mbele anauliza, watu wanaitikia, mtuhumiwa anafika. Miaka mingi baadaye, karibu na kustaafu, niliitwa kwenye semina, akasimama bwana mmoja na suti, akatufundisha jambo hilo hilo akiliita mbinu ya mawasiliano shirikishi. Limeshaingia kwenye mwongozo, lina mchoro wake. Nilinyoosha mkono nieleze limetoka wapi. Akasema maswali mwishoni. Mwishoni kulikuwa na soda.

Sasa ninyi watatu. Kitambaa cha rangi ya chungwa ninacho, uzi ninao, lakini sikati mpaka mniletee orodha. Si ya vipimo vya vifua. Andikeni kila mtu wa kikundi chenu, na mbele ya jina lake muandike ni nani yeye hawezi kumkamata, nani hawezi kumtazama, nani hawezi kumtaja, rika lake ni akina nani, kaoa wapi, dada zake wameolewa wapi. Kisha nendeni kwa wauza chakula mkawaulize wanapita njia gani na saa ngapi. Mkaulize kwa adabu, na mnunue chakula.

Msidhani nawasumbua bure. Mama Bhoke tulimzika mwaka huu. Watu wa kijiji kile walijaa, na baadhi yao nilizikumbuka sura zao za siku ile. Wambura alikuja kutoka Nyansurura, mvi kichwani, akasimama mbali, kwenye lango la zizi, mgongo wake umeelekea njia ya kaburini kama desturi inavyotaka. Hajawahi kuuona uso wa yule mama tangu aoe. Jeneza lilipotoka nyumbani watu walinyamaza, na katika ukimya ule nikamsikia, hasemi na mtu, sauti ya chini tu:

"Anakuja?"

Nilikuwa karibu naye kuliko wote. Wakaitikia wao, waliokuwa na mawe na wasiokuwa nayo, taratibu, wote pamoja, kwamba anakuja.

Vizibao vitakuwa tayari Alhamisi. Leteni orodha.